Sura ya Nne: Hesabu ya Ulicholipa

Mjomba wangu alikuwa mgema hapa Kibarani. Minazi 11 ndiyo iliyokuwa shamba lake na ofisi yake, na kila mmoja aliupanda mara tatu kwa siku, alfajiri, adhuhuri na magharibi, nyayo zikijua kila kidato bila macho kuangalia. Nilipokuwa mdogo nilikaa chini nikimtazama. Huko juu alijikita katikati ya makuti, akafungua kibuyu kilichoning'inia kwenye karara, akamimina tembo katika chombo alichofunga kiunoni, kisha akachomoa kotama na kuikata ncha ya karara kipande chembamba, chembamba hata mwanga ulipenya. Akikata kinene, karara litakwisha kabla ya siku zake. Akikata chembamba mno, tembo halitoki. Kotama ile aliinoa kila alfajiri kabla hajanawa uso, na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa.

Mwaka 1988, katika kaskazi kali, wazee wa mji wa jirani walikuja kuagiza tembo la hanga, yaani la matanga. Walitaka madumu sita ya lita 20, wakalipa yote kabla. Mjomba akazifunga zile pesa kwenye pindo la shuka. Sote nyumbani tulijua zina kazi gani: baba yangu alikuwa ameshafariki, na karo yangu ya muhula ule ilikuwa juu ya mjomba. Lakini jua lile liliikausha minazi. Ilipofika siku ya kupeleka, madumu yaliyojaa yalikuwa manne.

Mkewe alikuwa anapepeta mahindi. Alisema bila kuinua uso, "Baba watoto, watu wa hanga hawaonji, wanakunywa tu. Tia maji, tia na sukari kidogo. Nani atajua?"

Mjomba alijibu maneno mawili. "Wale wamefiwa."

Nilimsindikiza, yeye akisukuma baiskeli, mimi nikishikilia madumu kwa nyuma yasitikisike. Mbele ya wazee alilifungua pindo la shuka, akahesabu pesa za madumu mawili, akaziweka juu ya mkeka. Mzee mmoja alimkaripia kwamba amewaaibisha mbele ya wakwe. Hakujitetea. Msimu ule mzima mji huo haukununua tena kwake, na mimi nilikaa nyumbani wiki tatu nikiwaona wenzangu wakipita na sare zao. Nilimchukia mjomba kwa wiki tatu hizo. Leo ni miaka mingi tangu tumzike, na kila mtu akiniuliza uaminifu ni nini, ninachokiona ni pindo la shuka likifunguliwa.

Mithali yetu yasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimeifundisha darasani miaka 27. Lakini mithali hiyo inazungumzia sifa, na sifa ni jaribu dogo. Mjomba hakusifiwa, alibanwa. Alibanwa na jua, akabanwa na karo, akabanwa na mke aliyemwambia kweli tupu kwamba hakuna atakayejua. Na kitu kimoja zaidi: katika maisha yangu yote sikumsikia hata siku moja akilitamka neno uaminifu.

Siku hizi neno hilo limeandikwa kila mahali. Ukiingia kwetu kutoka barabara kuu ya Mombasa na Malindi, hutapita lango la shule, zahanati au chama cha akiba bila kukuta ubao: dira yetu, dhamira yetu, maadili yetu. Nchi yenyewe inayo orodha. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inayataja maadili ya taifa katika kifungu cha 10, uzalendo, heshima ya binadamu, usawa, uadilifu, uwazi na mengineyo, na sura ya sita nzima inahusu uadilifu wa viongozi. Sisemi maneno hayo ni bure. Ni afadhali nchi iliyoyaandika kuliko isiyoyaandika, maana aliyeandika anaweza kuulizwa. Ila ubao hauulizi mtu swali. Mtu hupita chini yake asubuhi na jioni, kwa miaka, mpaka asiuone tena.

Wenzetu wa Tanzania hutumia neno tunu, wakasema tunu za taifa. Nimelichagua neno hilo kwa kitabu hiki. Maadili humfanya msomaji akae wima kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. Tunu ni kitu adimu, cha thamani, kitu unachoweza kumtunukia umpendaye. Swali linalofuata neno hilo ni jingine kabisa: je, mimi nina nini ambacho sitaki kipotee?

Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, Milton Rokeach, alichapa orodha ya tunu 36. Nusu ni mambo ambayo mtu hutamani kuyafikia, kama amani na uhuru. Nusu ni namna za kuenenda, kama ujasiri na ukweli. Hakuwauliza watu wanazipenda zipi, kwa kuwa kila mtu anazipenda zote. Aliwataka wazipange, ya kwanza hadi ya 18 katika kila fungu, na hapo ndipo jasho hutoka, maana kuiweka moja juu ni kuishusha nyingine. Mwaka 2018, katika semina ya walimu, tulipewa zoezi la namna hiyo. Niliandika "familia" mstari wa kwanza, kwa mwandiko mzuri, nikaukunja ule ukurasa nikautia mfukoni nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Jioni ile nikafanya jambo ambalo ningependa ulifanye kabla ya kuendelea kusoma. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, kila mmoja wetu anaye shahidi asiyehongeka. Niliomba taarifa ya miezi sita, nikaketi nayo barazani na kalamu nyekundu. Shilingi 14,300 zilikuwa za matanga na mazishi. Shilingi 9,000 na kitu zilikuwa za muda wa maongezi na bando. Michango ya harusi, 6,200. Shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea miaka miwili mama alipokuwa mgonjwa, jina lake lilitokea mara moja: shilingi 500. Niliirudia taarifa kutoka juu, nikidhani nimeruka ukurasa. Sikuwa nimeruka. Nilikuwa nimechangia majeneza ya watu ambao sikuwahi kuwanunulia hata dawa ya homa, kwa sababu orodha ya matanga husomwa hadharani, na anayeugua hana orodha.

Hapo ndipo nilipofikia hoja ya sura hii. Tunu zako hazijulikani kwa unachoandika ukiwa umeshiba kwenye semina. Zinajulikana kwa ulicholipa. Tazama ulikopeleka pesa, na kama pesa huna, tazama ulikopeleka saa zako, usingizi wako, jina lako, urafiki uliokubali uvunjike. Penye malipo pana tunu. Utakuta nyingine zinakupendeza, ulizilipia hata hukujua kwamba ulikuwa unalipa. Nyingine zitakuaibisha, kama mimi nilivyoaibika kugundua kwamba tunu yangu ya kwanza haikuwa familia. Ilikuwa kuonekana mtu mwema mbele za watu. Usiifiche aibu hiyo haraka. Kaa nayo siku mbili tatu. Ndiyo taarifa ya kweli kuliko zote utakazozipata juu ya nafsi yako.

Kuna mahali pengine pa kutafuta, napo ni kwenye kidonda.

Mnyazi wa Menza tunamjua zaidi kwa jina la Mekatilili, yaani mama yake Katilili. Wazee wa Giriama husimulia kwamba alipokuwa msichana alimwona kaka yake akinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, asirudi tena. Miaka mingi ikapita. Akaolewa, akazaa, akawa mjane. Kisha serikali ya Waingereza ikamtuma afisa wake, Arthur Champion, kwa Wagiriama: nyumba zilipiwe kodi, na vijana watolewe kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Wazee wengi waliona ushuru na amri, mambo ya kujadiliana, ya kuvuta siku. Mekatilili aliona kile alichokiona utotoni. Mtoto wa mtu anachukuliwa.

Kuna kisa kinachopokewa kwa midomo mpaka leo, kwamba alikwenda kwenye baraza la Champion na kuku mwenye vifaranga, akamtaka Mzungu yule achukue kifaranga kimoja. Alipounyosha mkono, kuku akamdonoa. Basi, akaambiwa, ndivyo itakavyokuwa ukiwagusa wana wetu. Nimewasimulia wanafunzi kisa hicho mara nyingi, na kila mara huona jinsi mama yule alivyokuwa na tunu moja iliyo wazi kabisa, ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaielewa bila kamusi. Hakuja na orodha ya 36. Alikuja na kuku.

Kisha akafanya jambo ambalo vitabu vingi vya kujijenga nafsi hulisahau. Hakuiacha tunu moyoni mwake. Alizunguka miji ya Wagiriama akicheza kifudu, ngoma ya matanga, watu wakamfuata mpaka Kaya Fungo, na huko mwaka 1913 viapo vikaliwa, wanawake mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi: hakuna atakayewapa Waingereza kodi wala kibarua. Watu waliingia kayani kila mmoja na hofu yake, wakatoka na neno moja walilolisema mbele ya wenzao, mahali wanapopaheshimu kuliko pote. Jua likichomoza kesho na askari akija mlangoni, mtu haanzi upya kujiuliza anaamini nini. Ameshalimaliza swali hilo siku ya kiapo.

Gharama yake inajulikana. Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 wakatoroka, wakatembea kurudi pwani, zaidi ya kilomita 700, yeye akiwa mwanamke wa makamo au zaidi. Mwaka huohuo akakamatwa tena. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, nyumba zikachomwa, Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Aliachiliwa mwaka 1919. Kaburi lake lipo Bungale, Magarini, na mjini Malindi amesimamishiwa sanamu. Ila mimi kwenye hesabu yake sioni sanamu. Naona zile hatua kutoka Kisii, moja moja, porini, mwili ukilipa kile kinywa kilichoapa.

Kwa nini kiapo, kwa nini mashahidi, kama kweli tunu imo moyoni? Kwa sababu moyo ni dhaifu mbele ya haraka. Mwaka uleule wa orodha ya Rokeach, 1973, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, John Darley na Daniel Batson, walitoa matokeo ya jaribio lao kwa wanafunzi 40 wa seminari, vijana wanaosomea theolojia. Kila mmoja alitumwa jengo la pili akatoe hotuba fupi, na baadhi yao hotuba yenyewe ilihusu Msamaria Mwema. Njiani walimkuta mtu ameinama mlangoni, anakohoa, anaugua. Walioambiwa wana muda wa kutosha, 63 kati ya kila 100 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, 10 kati ya kila 100. Kwamba mtu alikuwa anakwenda kuhubiri juu ya Msamaria hakukuleta tofauti ya maana. Waliyoyaamini yalikuwa yaleyale. Saa ndiyo iliyotofautiana.

Nilipoisoma habari hiyo niliiweka chini, nikatoka nje. Nitasema kwa nini, lakini kwanza mfano mmoja wa hapa nyumbani. Tangu mwaka 1989 kumekuwa na kituo cha utafiti wa afya mjini Kilifi, kinachoendeshwa na KEMRI pamoja na Wellcome Trust, na watoto wengi wa vijiji vyetu wamepita huko. Utafiti wa afya unahitaji damu, na hapa kwetu damu si kitu cha kuchukuliwa hivi hivi. Uvumi huanza kabla sindano haijatoka. Kusema "tunamheshimu mzazi" ni rahisi. Kilichonigusa ni kwamba heshima hiyo imepewa saa yake na mahali pake: karatasi ya ridhaa inasomwa kwa Kiswahili au Kigiriama, mama anauliza, na anaweza kukataa na mwanawe akatibiwa vilevile. Mfanyakazi mwenye haraka hata akitaka kuruka, utaratibu unamzuia. Tunu yoyote uliyonayo, iulize: saa yako ni ipi? Imewekwa wapi, nisipite mbio nikaikanyaga?

Sasa shangazi.

Msomaji wa Kilifi na Malindi anajua ninakoelekea. Kwetu, mzee akiota mvi huanza kuhesabiwa. Mtoto akifa kwa homa, mvua ikikosa, kijana akirudi mjini bila kazi, macho huenda kwa yule mwenye kichwa cheupe. Wazee wamekatwa mapanga vitandani kwa neno uchawi, na mara nyingi ukichimba chini ya neno hilo unakuta shamba. Ndiyo maana utaona wazee wengi wa huku wana nywele nyeusi tititi. Wanapaka piko. Hawapaki kwa urembo. Kule Ganze, Kaya Godoma, chama cha utamaduni cha Malindi, MADCA, kimewapa hifadhi wazee waliokimbia watoto wao wa kuwazaa.

Mwaka 2016 mtoto wa binamu yangu alifariki. Siku ya tatu ukoo ukaketi chini ya mwembe. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, nilipewa kiti; wengine walikaa kwenye magogo na mikeka. Kijana mmoja akasimama akasema mambo ya kuzunguka, kisha akasema kwamba wote wanajua nani alionekana akipita karibu na nyumba usiku. Hakutaja jina. Shangazi alikuwa ameketi na wanawake wengine, mikono juu ya magoti. Alinitazama. Nilikuwa na karatasi za mtihani za kusahihisha, zilitakiwa kesho yake asubuhi, na nakumbuka kabisa kwamba niliangalia saa. Nikajiambia ukoo una uchungu, nisiutie chumvi, umoja wetu ni muhimu, nitasema nao mmoja mmoja baadaye. Nikanyamaza. Wakubwa wengine waliokuwa wananitazama mimi nao wakanyamaza. Usiku ule shangazi aliondoka na binti yake kwenda Mariakani. Wiki iliyofuata paa la nyumba yake likachomwa.

Zile shilingi 500 nilimtumia akiwa huko.

Nilisema umoja wa ukoo ni muhimu, na sikuwa nadanganya. Umoja nao ni tunu. Shalom Schwartz, mtafiti aliyezichunguza tunu katika nchi nyingi, alizipanga mwaka 1992 kwenye duara: zinazopatana ni majirani, zinazovutana zinatazamana ng'ambo. Huwezi kuzivuta zote kwa pamoja. Mtu akikuambia maisha yake yamepangika na tunu zake zote zinakaa kwa amani, bado hajabanwa. Mimi nilikuwa na umoja upande mmoja na haki ya mzee upande wa pili, na ilinichukua miaka kulipata swali la kuamua kati yao. Swali lenyewe ni la kikarani, la mtu wa hesabu: nani anailipa? Umoja wetu wa siku ile haukunigharimu mimi chochote. Ulilipwa na mwanamke mzee aliyetembea usiku na furushi kichwani. Tunu ambayo unaifurahia wewe na analipa mwingine, hiyo si yako.

Lakini swali hilo hukata kuwili, na nisingekuwa mkweli nikiliacha hapa. Uaminifu wa mjomba nani aliulipa? Mimi pia nililipa, wiki tatu za shule, na sikuulizwa. Kwa muda mrefu nilidhani hapo hoja yangu inavunjika. Kisha nikakumbuka jambo nililokuwa nimelifukia. Jioni ya siku ile tuliporudi, mjomba hakupanda mnazi wa mwisho. Aliketi chini mbele yangu, mtu mzima mbele ya mtoto, akasema, "Mwanangu, leo nimechukua kitu chako. Nitakirudisha." Akaomba minazi miwili ya jirani, akaigema juu ya ile 11, na alivyokuwa anashuka usiku miguu ilikuwa inatetemeka. Wiki ya tatu ilipokwisha nilirudi darasani. Aliniambia uso kwa uso nilicholipa, akakirudisha kwa mwili wake. Shangazi hakuna aliyemketia mbele.

Basi mwaka 2019 nikafanya kiapo changu, kidogo, kisicho na kaya. Niliwaita rafiki wawili, mmoja fundi seremala, mmoja mwalimu mwenzangu, nikawasomea sentensi moja niliyoiandika kwenye daftari. Sikuandika "haki" wala "familia". Niliandika: mzee hatashitakiwa kwa uchawi mbele yangu nami nikanyamaza. Nawashauri wasomaji wangu waziandike tunu zao hivyo, sentensi yenye mtu ndani yake na siku ndani yake, ili ikija siku hiyo uitambue. Neno tupu halitambui siku. Na iwe moja, au mbili. Atakayeniletea 10 nitajua bado anaandika ubao wa langoni.

Fundi akaniuliza, "Na wakikutenga, mwalimu?"

Nikasema sijui. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Mwezi wa nane mwaka huo ukoo uliketi tena, safari hii kugawa shamba, na jina la shangazi likarukwa kana kwamba amekufa. Nilisimama. Sauti ilinitoka nyembamba, si ile ya darasani. Nilisema shangazi yuko hai, yuko Mariakani, na kwamba siku ile ya mwaka 2016 nilijua maneno yale ni uongo na nikanyamaza, na hivyo mimi nilisaidia kumfukuza. Nikataka arudi, na sehemu yake ya shamba iwekwe alama siku ileile mbele ya mzee wa mtaa. Kulikuwa na kelele. Binamu wawili mpaka leo tunasalimiana kwa vichwa tu, na kile kipande cha shamba karibu na kisima nilichokuwa nimeahidiwa kilikwenda kwa mwingine. Nimekiandika kwenye daftari, pamoja na tarehe. Sikukiandika kwa kukililia. Ni risiti yangu ya kwanza ya kweli.

Shangazi alirudi baada ya miezi miwili. Tulimjengea chumba kwenye kona ya uwanja wangu, kuta za udongo, makuti mapya juu, mlango mzima wa mbao kutoka kwa yule fundi, na komeo la ndani, kwa sababu komeo ndilo kitu cha kwanza alichokiulizia. Kila Jumamosi nakwenda kwake kabla sijaenda popote. Hiyo ndiyo saa niliyoipa sentensi yangu. Nampelekea sukari, majani, mafuta ya taa, na kila mwisho wa mwezi pakiti ya piko kutoka dukani Kilifi.

Jumamosi moja nilijaribu kuiacha hiyo piko. Nilimwambia, "Shangazi, hapa uko kwangu. Nywele zako ziache zikae zilivyo."

Alikuwa anakoroga dawa kwenye kibakuli cha plastiki, kijiti mkononi. Hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, wewe ulinyamaza siku moja. Mimi ndiye niliyeusikia huo ukimya." Akaendelea kukoroga mpaka rangi ikashika. Kisha akainamisha kichwa, akaanza na zile za kisogoni, ambako mtu haoni mwenyewe, na akanipa kioo.

Nikamshikia.